Siku Nilipokuwa Manowari Mikumi

Jamani, bora niwaambie mwenyewe kabla hamjaambiwa na watu wa Mikumi, maana wale wakisimulia wanatia chumvi, na aibu yangu hii haihitaji chumvi, ina yake ya kutosha. Mimi hapa nilimfunua mama mkwe wangu mbele ya watu, tena ikiwa imebaki siku moja tu nimwoe binti yake.

(Kwa wasio wa kwetu: sisi Wasagara mtu na mama mkwe wake hawatazamani. Ukimwona njiani unaingia majanini mpaka apite, na akiwa na neno na wewe anamwambia mtu mwingine akuambie, hata kama umesimama hapohapo unasikia.)

Mchawi wangu alikuwa redio. Enzi zile walowezi wa Rhodesia walikuwa wamejitangazia uhuru wao wa peke yao, dunia ikawawekea vikwazo wasipate mafuta, na redio ya mgahawani ikawa haiishi kutuambia manowari za Waingereza zinafanya doria baharini kule Beira, bandari ya kupitishia mafuta yao, zinavizia meli. Sisi Mikumi bahari tunaisikia tu, lakini malori ya kupeleka mapipa ya mafuta Zambia yalikuwa yanapita mlangoni kwetu yakituachia vumbi, basi nikajiona na mimi nina bahari yangu. Nilikuwa mgambo, nina filimbi, nina kofia, shule niliishia darasa la sita (la saba lilinikataa, na mimi nikalikataa, tukawa sawa), na mjomba wangu Abdala, aliyewahi kuwa mpishi wa meli, akanipa siri yote kwa kutumia bakuli la maji na kikombe.

"Tazama," aliniambia, "meli yenye mzigo inakaa chini, tupu inaelea juu. Wale wanajeshi wakiona imelala hivi, halafu inakata kona kuelekea Beira, wanaifuata hapohapo. Wewe nani? Umebeba nini? Unakwenda wapi?"

Kuanzia siku ile nikawa nashinda njia panda natazama spring za malori. Watu wakaniita Kepteni, nami nikawa naitika.

Sasa ile Ijumaa, kesho yake ndiyo harusi yangu na Zuhura kule kwa baba yake mdogo, Magomeni ya Kilosa, wenzangu wakaniambia nenda ukanyoe, nenda ukaoge, mimi nikasema ngoja kwanza, nitazame lori moja la mwisho. Hilohilo moja ndilo lililoniua.

Linatoka upande wa Iringa. Malori yanayotoka huko hurudi na mapipa matupu, unayasikia yanagongana toka mbali, hili kimya, spring zimelala kabisa, turubai limefungwa juu ya mapipa kama linaficha maiti, na lilipofika njia panda, badala ya kunyoosha kwenda Morogoro, likakata kona kushika njia ya Kilosa. Nikasema Beira hiyo! Nikapuliza filimbi mpaka mate yakaisha, mgahawa wote ukatoka nje.

Dereva alikuwa Mnyamwezi, jina lake Maganga, na Wanyamwezi ni watani wetu, kwa hiyo heshima sikuitegemea.

"Umebeba nini?"

"Togwa ya harusi, mtani. Nimeipakia Malolo."

"Togwa kwenye mapipa ya mafuta?"

"Yamechemshwa, yamesuguliwa kwa majivu. We Msagara unataka kuonja, sema tu."

"Na chini ya turubai kuna nini?"

Akashusha sauti. "Hapo kuna mambo ya watu wazima. Nimekatazwa kusema tukiwa Mikumi. Achana napo, nakuomba."

Sasa mtu akikuambia hivyo mbele ya watu wanaokuita Kepteni, utaachana napo? Nikaomba spana, nikapanda, nikalegeza kizibo cha pipa la kwanza lililochungulia nje ya turubai. Togwa ile ilikuwa imepigwa jua toka asubuhi, imechachuka, ina hasira zake, kizibo kikaruka na togwa ikanipiga usoni, puani, kofia ikaenda, mimi katika kutapatapa nisianguke nikalishika turubai, turubai likaachia, na hapo chini, katikati ya mapipa, amekaa mama yake Zuhura.

"Yalaa! Mkwe wangu!" Akajifunika khanga uso mzima.

Kumbe alijificha kwa ajili yangu! Alijua mkwe anakaa Mikumi, akafanya heshima apite bila kuonekana. Mimi sikushuka kwenye lori, nilijitupa, nikaingia mtaroni nikalala kifudifudi kwenye nyasi, togwa inanichuruzika masikioni.

Nikamsikia juu: "Dereva, geuza gari turudi Malolo. Harusi hakuna."

Jamani! Nilikuwa nampenda Zuhura kuliko filimbi. Nikalia kutoka mtaroni: "Mtani, mwambie mama nilidhani ni mafuta ya walowezi!"

Maganga akapeleka ujumbe, akaeleza na manowari, na Beira, na spring, huku anacheka hadi anashika tairi. Mama akalivuta turubai akajifunika. Halafu turubai likaanza kutikisika. Mama alikuwa anacheka.

"Mwambie huyo mtoto," alisema, "kama anawalinda hivi watu weusi wa Rhodesia ambao hata hajawaona, mwanangu atalindwa. Lakini na mimi namwekea vikwazo. Togwa yangu asionje hata tone. Dereva, utamfanyia doria."

Maganga akaifanya kazi ile kuliko Mwingereza. Harusi nzima kanikalia mbele, watu wanakunywa, wanasifia, mimi nameza mate. Nikisogeza mkono tu: "Kepteni! Umebeba nini?"

Mpaka tulipoachwa peke yetu, Zuhura wangu akafunua khanga, akatoa kikombe alichokipitisha chini ya macho ya Maganga, kimejaa pomoni.

"Kunywa upesi," aliniambia, "mama asijue."

Nikanywa, nikajua kwa nini zile manowari za Beira hazitamaliza kazi, mzigo haukosi pa kupenyea. Filimbi niliirudisha Jumatatu, na tangu siku ile sifunui kitu bila kukohoa kwanza, hata sufuria ya wali. Zuhura akinisikia nakohoa jikoni anasema, "Funua tu baba, mama yupo Malolo."