Nilienda Mikumi kulivisha boila koti jipya, nikamkuta mzee ametengwa nyumbani kwake

Wakuu, salamu kwenu popote mlipo. Haya niliyaona kwa macho yangu na siongezi chumvi. Majina tu ndiyo nimebadilisha.

Mimi ni fundi mabomba, naishi Magomeni ya Kilosa.

Mwaka juzi niliitwa Mikumi kwenye ghorofa moja la wapangaji. Chini kuna dobi la kufua mashuka ya hoteli, na humo ndani kuna boila la mvuke la zamani, linakula kuni vibaya mno. Lilinunuliwa chakavu kutoka kiwanda cha mkonge kilichokufa huku kwetu.

Mwenye dobi, Mama Ester, alitaka nilivue koti lake bovu, yaani lile gamba la nje la kuzuia joto, nilivishe jipya. Joto lilikuwa linapotea bure, wapangaji wa juu wanalala madirisha wazi (na mbu wa Mikumi mnawajua).

Mume wake, Mzee Yoeli, ndiye aliyekuwa mchochea moto wa boila hilohilo tangu kiwandani. Lilipouzwa, na yeye akauzwa nalo, ndivyo alivyopenda kutania.

Nilimkuta kwenye kibanda cha uani, peke yake.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Simama hapohapo, usinisogelee. Nina kifua."

Iliniuma sana. Mzee alikuwa na sahani yake, kikombe chake, kitanda chake kule uani. Mjukuu wake Neema alimsalimia kwa mbali, kutoka mlangoni.

Makohozi yalipimwa mara kadhaa, TB haionekani. Dawa kameza, kikohozi kipo palepale. Watu wakaamua ni TB sugu inayojificha, na wapangaji wakatishia kuhama. Mama Ester si mtu mbaya wakuu, alikuwa anamwogopea mtoto.

Basi nikarudi kwenye boila. Koti limepasuka, linamwaga unga mweupe wenye nyuzinyuzi. Pembeni kuna kiroba kimejaa unga huo. Nikauliza ni wa nini.

"Huo hauungui, fundi," Mama Ester akasema. "Tunaukanda na udongo, tunasiriba majiko. Mzee ndiye anayetukwangulia. Hata kiwandani alikuwa anawaletea majirani."

Nikarudi nyuma, nikaziba pua kwa shati. Chuoni tulionywa kwamba makoti mengi ya maboila ya zamani ni asbesto. Vumbi lake ukilivuta linabaki kwenye mapafu.

Nikamwomba azime moto, afunge chumba, asifagie kitu.

"Nimekuita uvishe boila, sijakuita unifungie kazi!"

Alikuwa na haki ya kukasirika. Nikamuuliza tu, "Mama, daktari anajua mzee alikuwa anafanya kazi gani?"

"Tulimwambia ni mkulima," akasema.

Kumbe kila walipoulizwa kazi hospitali, jibu lilikuwa mkulima, kwa sababu mzee ana shamba Mvumi. Huku kwetu karibu wote tunajibu hivyo. Hata mimi fundi nimeshawahi kujiita mkulima.

Mama Ester akazima moto, akampeleka mzee hospitali Morogoro, safari hii wakaeleza habari za boila. Daktari akaiangalia upya picha ya kifua. Ni makovu ya vumbi. Hayafutiki, ila hayaambukizi mtu.

Mama Ester alinipigia akiwa bado hospitali. Analia.

"Hayaambukizi, fundi. Nimemlaza mume wangu nje bure."

Nililia na mimi, sioni aibu kusema.

Wataalamu wa kuondoa asbesto walikuja wamevaa nguo za kujikinga, wakalowesha ule uchafu, wakauondoa pamoja na majiko yaliyosiribwa. Ndipo nikalivisha boila pamba ya mawe na bati juu, valvu ya usalama nikaiacha bila kuifunika. Siku ya kuliwasha, Mama Ester alipanda ghorofani mlango hadi mlango kuwaeleza wapangaji ugonjwa wa mumewe. Wengine waliona haya, wengine hawaamini hadi leo.

Mzee Yoeli ametutoka masika haya. Makovu yalimshinda. Ila alifia chumbani kwake, mkewe akiwa amemwegemeza kifuani, Neema amemshika mkono.

Nililojifunza: ukimpeleka mgonjwa hospitali, taja kila kazi aliyowahi kufanya, hata ile iliyosahaulika. Na ukikuta unga mweupe kwenye boila au bomba la zamani, usiukwangue, ita wanaojua.

Kama na kwenu yupo mzee anayekula peke yake uani kwa sababu ya kikohozi, kamuulize leo alifanya kazi gani ujanani. Halafu njoo utuambie hapa alichokujibu.