Ng'ombe Aliyegeuka Ngoma

Nichekeni mkitaka, lakini programu hiyo niliiandika mwenyewe kwa elimu yangu ya kidato cha nne. Unaipa maandishi yenye alama, inakutolea ukurasa safi wa kuchapwa. Maneno yaliyo kati ya ritifaa mbili (') huyaruka, pamoja na ritifaa zenyewe, kwa sababu hapo ndipo ninapojiandikia maelezo yangu. Niliibuni Lodwar, mbali na majina ya kwetu yenye ritifaa.

Niliporudi Kombewa, watu waliuliza nimeleta nini baada ya kuzurura miaka yote hiyo. Nikajitolea kuchapa salamu za kumuaga baba mdogo, aliyekuwa anastaafu uzee wa kanisa. Niliandika: "Mzee anapenda ng'ombe wake, mkewe na majirani wa Nyang'oma."

Pasta aliuliza kama nimekagua. "Programu yangu haikosei," nikamjibu.

Akasoma mbele ya kanisa lote: "Mzee anapenda ngoma."

Programu ilikuwa imeruka kutoka ritifaa ya ng'ombe hadi ya Nyang'oma, na mke akamezwa katikati.

Mama mdogo, mke wa mzee, alisimama akamgeukia mumewe. "Baba, hiyo ngoma unaicheza wapi, na nani?"

"Muulize mwenye kompyuta," baba mdogo akajibu.

Nikasimama, kifua mbele. "Mama, programu haijakosea. Imefanya nilivyoiagiza."

"Kumbe ni wewe umenifuta," akasema.