Meno ya Spika Ndani ya Mashine ya Midoli

Stesheni nzima ilimwita Spika, kwa sababu ndiye aliyetangaza treni mpaka alipostaafu, na sauti yake iliwafikia hata waliokuwa bado nyumbani wakitafuta soksi. Katika ukoo pia, penye neno zito alisimama yeye.

Siku wazazi wa mchumba wa binti yake walipotarajiwa kuja kuposa, alisafisha meno yake ya bandia, akayafunga kwenye leso na kuyaacha mezani. Mumewe, fundi bomba, alikuwa akijaza mashine ya mjukuu wao: sanduku la plastiki lenye midoli ya manyoya na mkono wa vidole vitatu wa kunyakulia. Akazoa kila kilichokuwa mezani, akamimina ndani, leso ikafunguka, naye akaubamiza mlango wa nyuma. Ukakwama.

"Feno fangu!" Spika akalia.

Mjukuu akaikumbatia mashine. "Msiivunje, Bibi! Chezeni tu."

Spika akatumbukiza sarafu ya plastiki. Muziki ukaanza. Akasukuma kijiti, akabonyeza kitufe. Mkono ukashuka, ukainua meno, ukayaachia njiani. Vidole vyake havibani sawasawa, vimeundwa kukutia hamu tu.

Wageni wakaingia.

"Mbona mama hasemi?" akauliza baba wa mchumba, muuza nyama.

"Maneno yake yamo humo," fundi bomba akajibu, akionyesha.

Muuza nyama akakunja mikono ya shati. Akapata bata. Akapata bata mwingine.

"Baba, hatukuja kuposa bata," mkewe akamwambia, akamsogeza kando.

Spika alikuwa ameshaisoma ile mashine. Akamwongoza mama yule kwa ishara: ngoja mkono uache kuyumba, usilenge katikati, yabane pembeni, uyaburute kuelekea shimoni. Meno yakabingirika, yakatokea chini. Sebule ikalipuka kwa vifijo.

Spika akayaosha, akayavaa, akasimama.

"Karibuni. Semeni lililowaleta."

Muuza nyama, bata kwapani, akakohoa. Akamtazama mkewe. "Jamani, hotuba yote imenitoka."

"Basi kaa," Spika akasema. Akahamia upande wa wageni, akamposa binti yake mwenyewe kwa maneno matamu mpaka mama wa mchumba akafuta machozi. Kisha akarudi upande wake, akatafakari kidogo, akajikubalia.