Kutupiwa Jina

Kaka yangu alikuwa dereva wa taksi-moto. Karibu na Luvungi, watu wenye bunduki walimshusha kwenye bariyeri ya barabarani wakamwingiza porini. Abiria wake, mama muuza mchele kutoka Bwegera, ndiye aliyetuletea habari. Tangu hapo, kimya.

Mama alizunguka maofisi mpaka walinzi wakamzoea. Kisha akakumbuka kwamba mwimbaji mmoja mkubwa, anayeishi Ulaya sasa, alikulia hapa Rugenge, na bugali ya jikoni kwetu aliila sana.

«Weye ulisoma,» aliniambia. «Umuandikie. Amutupie ndugu yako jina, vile anatupiaga wakubwa.»

Kwetu mwimbaji hukatiza wimbo na kutaja majina: waziri, mfanyabiashara, mpenzi wa mtu. Aliyetajwa hulipa, na nchi nzima humjua. Mama aliamini kwamba mtu ambaye nchi nzima inamjua hawezi kufichwa porini.

Nilimweleza kuwa nimesomea siasa, na maneno ya wasanii hayajawahi kufungua bariyeri.

«Na ya kwako inafunguaga?»

Nikaandika. Ujumbe ukasomwa, haukujibiwa. Lakini baada ya muda akatoa video kuhusu vita vyetu. Niliitazama kijiweni, pale kaka alipokuwa akingojea wateja, madereva wenzake wakiwa wamebanana juu ya simu moja. Nyota alikuwa amevaa nyeusi tupu, na miwani ya dhahabu. Alisema damu imemwagika vya kutosha. Alisema dunia imenyamaza.

«Amenona huyu!»

«Angalia ile lineti ya macho. Bei yake njo nyumba yangu yote.»

«Siasa ya nini? Aimbe, sisi tucheze.»

«Angalau yeye anasema. Weye ulishasema nini?»

«Minye? Nikisema, nani ataangalia?»

Wakacheka. Hakuna aliyeuliza nani alishikwa, wapi, na sisi tufanye nini. Wote walikuwa wakimfahamu kaka yangu. Pikipiki zao zilikuwa zimepangwa hapo, na nafasi yake ilikuwa imeshachukuliwa. Mwishoni nyota aliweka mkono kifuani akashukuru watu kwa majina: mheshimiwa fulani, tajiri wa mafuta, na fundi aliyemshonea ile suti nyeusi. Basi. Luvungi hakuitaja kabisa.

Jioni ile video ilikuwa katika kila simu ya mtaa. Kufikia Jumapili ilikuwa imefunikwa na wimbo wake mpya, na vijana walewale wa kijiweni walikuwa wakiucheza mbele ya kanisa, wakitoka misani.

Mama ndiye peke yake aliyeendelea kuifungua ile video. Aliweka simu sikioni, akasikiliza majina yale mpaka la mwisho, akairudisha nyuma, akasikiliza tena. Nilingoja alie. Hakulia.

«Huyu wa suti alilipa,» alisema. «Umuandikie tena. Umuulize jina moja ni bei gani.»

Niliona aibu, lakini niliandika. Ujumbe huo ulijibiwa siku hiyohiyo.