Saa za Kukaa

Ukame ulipomaliza ng'ombe wake, Simel aliajiriwa kwenye stoo ya nyasi kavu hapa Kitengela, kwa malipo ya saa. Kazi yake ilikuwa kushusha marobota ya nyasi kutoka kwenye lori na kuyapanga. Alikuwa na nguvu. Akimaliza lori la asubuhi aliaga na kwenda zake, kama alivyozoea kupumzika ng'ombe wakishaingia bomani.

Mwisho wa wiki alipata nusu ya walichopata wenzake.

"Madam, mimi nimebeba mengi kuliko hawa wote," alimwambia Wamaitha, msimamizi.

"Najua, mzee. Lakini hapa hatuhesabu marobota, tunahesabu saa. Ukitoka, malipo yanasimama."

"Na lori ikichelewa?"

"Unakaa, unalipwa."

"Nilipwe kwa kukaa? Hiyo ni kazi ya paka."

Alifika nyumbani akiwa ameamua kuacha kazi. Mkewe, Nalangu, alijua kwamba akiacha, mbuzi wachache waliobaki watauzwa. Alimsikiliza mpaka mwisho.

"Baba Sein, ng'ombe wakilala kivulini mchana, ulikuwa unakuja nyumbani?"

"Niwaachie simba?"

"Sasa ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nakaa."

"Na hiyo haikuwa kazi?"

Simel alicheka, akaomba chai.

Jumatatu lori lilichelewa hadi saa nane. Alikaa mlangoni mwa stoo, fimbo magotini, na hakuna aliyepita na robota bila yeye kumwona.