Komeo la Pili la Arlyn

Mume wangu, Arlyn Kroese, alifariki Alhamisi asubuhi katika banda la nguruwe. Alikuwa na miaka sitini na tisa. Daktari alisema ni moyo. Nilimkuta amekaa chini, mgongo ukutani, kofia kichwani. Nikamvua kofia. Sijui kwa nini nilianza na kofia.

Tumefuga nguruwe hapa Iowa tangu tuoane. Arlyn hakuwa mtu wa kujulikana. Alikuwa mzee wa kanisa kwa vipindi viwili, alisahau majina ya watu lakini si ya mbwa wao, na bili haikulala nyumbani kwake. Ikija na posta saa nne, saa tano hundi imeshaandikwa. Ndivyo tulivyolelewa watu wa hapa.

Kitu kimoja tu alikibuni maishani: komeo la lango la banda. Nguruwe ana akili, hujifunza kufungua komeo kwa pua. La Arlyn lilikuwa na springi ndani, na nguruwe walishindwa nalo. Mimi pia nilishindwa nalo, kwa sababu vidole vyangu vina baridi yabisi.

"Mke wangu," aliniambia, "hivyo vidole sasa vimekuwa tangawizi."

"Na wewe umetengeneza kitu cha kunifungia nje mimi na nguruwe pamoja."

"Nguruwe angalau halalamiki."

Akarudi karakana. Baada ya wiki mbili akaleta la pili. Hilo halikuwa na springi, lilikuwa na kipande cha chuma kizito kinachoangukia mahali pake chenyewe. Nililiinua kwa kiganja tu. Alisimama akinitazama nikifungua na kufunga, kufungua na kufunga.

Mwanasheria wetu wa mjini, Bi. Nadine Oyler, ndiye aliyetuandikia maombi ya hataza, ile haki ya kuwazuia wengine wasiige ulichobuni. Katika maelezo aliyataja makomeo yote mawili. Lakini madai, ile orodha ya mwisho inayosema hasa kipi ni chako, yalihusu springi tu. Alisema la uzito tutalidai baadaye kwa maombi ya mwendelezo. Alitueleza mara mbili, maana mara ya kwanza Arlyn alikuwa akitazama bawaba ya mlango wake. Maombi ya mwendelezo hayaongezi jambo jipya. Yanatumia maelezo yale yale na kuhesabiwa tangu tarehe ile ile ya kwanza, ila unadai sehemu ambayo hukuidai mwanzo. Wavumbuzi wengi huacha njia hiyo wazi kwa miaka, wakiangalia washindani wanatengeneza nini. Sharti ni moja: yaingie kabla hataza ya kwanza haijatolewa. Ikishatolewa, mlango umefungwa.

Miaka mitatu ikapita. Mwaka huu ikaja barua ya Bi. Oyler kwamba maombi yamekubaliwa, ada ilipwe. Kwenye ukurasa wa pili alikuwa ameandika: usilipe kwanza, nipigie tuzungumze juu ya komeo la pili. Arlyn aliona ada. Siku ile ile akamtumia Bi. Oyler hundi na kikaratasi cha kumwambia ailipe upesi. Ule ukurasa wa pili niliukuta Ijumaa, nikitafuta suti ya kumzikia, umekunjwa vizuri ndani ya droo pamoja na bili zilizolipwa.

Jumamosi simu ikalia.

"Naomba Arlyn, tafadhali. Ni Nadine Oyler."

"Arlyn amefariki juzi."

"Pole sana, mama. Sikujua. Sikupaswa kukusumbua."

"Umeshanisumbua. Sema tu."

Akasema. Hataza ingetoka Jumanne. Kampuni moja ya jimbo jirani ilikuwa imeanza kuuza komeo la uzito, sawasawa na lile la Arlyn, na hataza ya springi isingewagusa. Haki yote Arlyn aliiandikisha kwa jina la shamba, na mimi ni mshirika wa shamba, kwa hiyo neno langu lingetosha.

"Fikiri leo, unipigie kesho," alisema.

"Kesho ni Jumapili."

"Naam?"

"Jumapili hatufanyi shughuli za biashara."

"Mama, hii ni simu moja tu."

"Najua ni simu moja."

"Na Jumatatu?"

"Jumatatu tunamzika."

Nikamsikia akivuta pumzi. "Basi baada ya mazishi. Kabla ya saa kumi na moja jioni."

Jumapili nilikwenda kanisani mara mbili kama kawaida. Nilijaribu kuomba juu ya jambo hilo na maneno hayakuja. Nilikaa tu, pale tunapokaa siku zote, na upande wake nikaweka mkoba.

Jumatatu tulimzika. Watu walishuka ukumbi wa chini wa kanisa kula mikate ya nyama na keki. Desturi ni familia isiondoke mpaka vyombo vya mwisho vioshwe. Nilisimama kwenye sinki, mikono ndani ya maji ya moto, ndipo shemeji yangu Merle akaja. Nilikuwa nimemweleza asubuhi.

"Shemeji, bado unafikiria ile karatasi?"

"Nafikiria."

"Alishapewa moja. Mtu akipewa hushukuru. Wewe unajua, tamaa mbele..."

Akakatiza hapo. Kila mtu anajua maneno yanayofuata, na ndugu yake alikuwa na saa mbili tu kaburini.

"Sikukusudia," alisema.

"Najua. Merle, la springi alilitengeneza kwa ajili ya nguruwe. La pili alilitengeneza kwa ajili yangu. Sitaki liwe la watu wa jimbo jirani."

Nilifuta mikono, nikaenda kwenye simu ya jikoni. Ilikuwa saa kumi na dakika ishirini.

"Maombi yapo tayari," Bi. Oyler alisema. "Nangoja neno lako."

"Mvumbuzi lazima aape kwamba ni kazi yake. Arlyn atasaini vipi?"

"Kiapo alichosaini mara ya kwanza bado kinafaa. Naweka nakala."

"Hata sasa?"

"Hata sasa."

"Basi peleka."

Nilingoja nikiwa nimeshika simu. Nikamsikia akibofya. Akanisomea namba ya kupokelewa, nikaiandika nyuma ya karatasi ya ibada ya mazishi, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu. Nilitarajia kusikia kitu moyoni, furaha au kilio. Sikusikia kitu. Nilimshukuru Mungu kwa sababu ndivyo inavyopasa.

Niliporudi, Merle alikuwa bado kwenye sinki.

"Umeipeleka?"

"Nimeipeleka."

"Haya."

Akachukua taulo, akaanza kukausha masinia. Miaka yote sijamwona Merle akikausha chombo.