Mguu wa Lipiko

Juzi, kwenye makumbusho, niliona kinyago cha lipiko, mcheza ngoma wa Kimakonde, ndani ya kabati la kioo, nikarudi nyuma kama mtoto.

Nilipokuwa mdogo tulikaa Newala mjini, kwenye vyumba vya vibarua nyuma ya maduka. Alasiri moja uani kulinuka moshi wa korosho. Ngoma zikalia, na lipiko akaingia amevaa kinyago chake usoni, njuga zikimlia miguuni. Sisi wasichana tulikuwa tumeambiwa kwamba lipiko ni maiti aliyefufuka, wala sikujua kwamba ndani huwa kuna mtu. Nilijibanza nyuma ya mama, nikachungulia chini. Kidole gumba cha mguu wa kushoto hakikuwa na kucha. Ulikuwa mguu wa baba, aliyeangukiwa na pipa kazini.

“Mama, baba amekufa!”

Mama akaniziba mdomo. “Nyamaza, mwanangu. Hujaona kitu.”

Jioni baba alirudi, akaomba maji.

“Shikamoo, baba,” nilisema nikiwa mlangoni.

“Marahaba.”

Nilimkodolea macho kooni nione kama maji yanapita.

Baba tulimzika miaka mingi iliyopita. Lakini juzi, mbele ya kile kioo, niliinama kuutafuta mguu wake.